Chachu ya Mama Haskett

Hata alipozeeka, Orrin Haskett hakukubali mkate ukandwe nyumbani kwake kabla hajainusa chachu. Alivuta ile harufu kali taratibu, macho ameyafumba, na wote jikoni walijua mzee yuko safarini tena.

Ilikuwa safari ya ujana wake, vijana walipotupa majembe kukimbilia dhahabu ya Klondike, kaskazini ya mbali ya Kanada. Wengine walipanda meli. Orrin na rafiki yake Dugald walitoka Edmonton na farasi wao, wakakatiza misitu, maana waliambiwa ndiyo njia fupi. Mungu awasamehe waliowaambia.

Chachu aliivaa shingoni, kwenye kifuko ndani ya shati, isigande kwa baridi. Watafuta dhahabu wengi walifanya hivyo. Ila ya Orrin ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyeilisha unga na maji miaka yote, na ndiyo pekee aliyomwachia.

Kwenye kibanda kando ya mto Peace walimkuta Elspeth, msichana aliyekuwa akimuuguza baba yake aliyevunjika mguu. Chachu yao ilikuwa imekufa. Orrin akawamegea yake. Kwao chachu hanyimwi mtu.

"Wewe kila kibanda sadaka," Dugald alimtania njiani. "Tutafika Klondike tunatafuna magome."

"Haipungui hii, ndugu yangu. Ukiilisha inajaa tena."

Theluji ilipozidi, Orrin akaingiwa na hofu, akakitundika kifuko karibu na moto. Asubuhi chachu ilikuwa kavu kama kigae. Baridi ingeilaza tu, moto uliiua.

Safari hii Dugald hakumcheka. "Mbele kuna dhahabu, Orrin. Nyuma kuna unga uliochacha."

"Najua kilichoko nyuma."

"Mimi sikungoji."

"Usiningoje. Nenda salama."

Akarudi peke yake akifuata nyayo zao, akiomba njia nzima msichana yule asiwe ameisahau. Elspeth alifungua mlango mikono imejaa unga.

"Uliilisha?" Hata salamu ilimpotea.

"Ingia kwanza, kaka, ufunge mlango. Haipendi upepo."

Akafunua chungu. Orrin akainama, akanusa jiko la mama yake, akalia bila aibu.

Dhahabu hakuiona kamwe. Majira ya kuchipua yalimkuta palepale, anampasulia Elspeth kuni, na baba mtu ameshaanza kumwita mwanangu. Dugald alipopita akirudi, amekonda, mikono mitupu, alikula mkate mpaka kipande cha mwisho. Kisha akavua kifuko chake kitupu shingoni.

"Nimegee na mimi," alisema.

Orrin akammegea.