Karibu ya Mara Moja

Nakumbuka jioni moja nikiwa Lisbon, mji mkuu wa Wareno, nimesimama kwenye korido ya nyumba ya watu, njaa inaniuma na pua imejaa harufu ya samaki wa kuchoma. Cheka tu, mwanangu, wewe unayejiandaa kusafiri. Hata mimi nacheka sasa, lakini siku ile machozi yalikuwa karibu.

Nilikuwa msichana bado, mwalimu mpya wa shule ya msingi hapa Usagara, huku kwetu pwani. Nilipelekwa Ulaya kwa mafunzo mafupi, na yalipokwisha wenzangu walirudi nyumbani, mimi nikaomba nibaki siku chache nitembee peke yangu. Tembea uone, walisema wahenga, nami macho yalikuwa yananiwasha. Mfuko ndio ulikuwa mwepesi. Hoteli sikuziweza, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, Bi Amelia, ambaye ujanani alifanya kazi Uingereza, kwa hiyo tuliongea Kiingereza chetu cha kuungaunga.

Mchana niliranda. Mji ule uko juu ya vilima, ukimaliza kushuka unaanza kupanda, na miguu yangu iliyokulia Tongoni, kijiji cha tambarare kando ya bahari, haikunisamehe. Nilikuta kuta zimepambwa vigae vya buluu, nikakumbuka makaburi yetu ya kale ambayo wazee waliyapachika sahani za kauri. Nikageuka nimwambie mtu, hapana mtu. Ndani ya tramu niliwasalimu watu wote kama ilivyo ada, wakanitazama wakidhani nauza kitu. Mwanangu, upweke wa katikati ya watu ni mbaya. Kuliko hata kuuona mji, nilitamani mtu mmoja wa kukaa naye nimweleze nilichokiona.

Na mtu huyo alikuwapo. Jioni ya kwanza Bi Amelia alichoma samaki uani, akaweka sahani mbili mezani, akanikaribisha nile naye. Nikamjibu kwa adabu zote, "Ahsante, nimeshiba."

Sikuwa nimeshiba hata kidogo. Lakini wewe unajua tulivyolelewa. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akitufunda: "Ukikaribishwa ukakaa papo hapo, watasema kwenu hakupikwi." Unasema starehe, mwenyeji anakushika mkono, unasema nimeshiba, anaapa kwamba huondoki, ndipo unanawa. Hivyo ndivyo mtu wa heshima anavyokula kwa watu hapa pwani.

Bi Amelia aliitikia kwa kichwa, akairudisha sahani ya pili kabatini. Nikasubiri pale koridoni nikijifanya nafunga kamba za viatu. Sikuitwa tena. Nikaenda chumbani nikala mkate mkavu na maji, nikajipa moyo kwamba kesho atanibembeleza.

Kesho yake ikawa vilevile. Alinikaribisha mara moja, nikakataa mara moja, tukaachana. Jioni iliyofuata hakusema neno, na mezani palikuwa na sahani moja tu. Hiyo ndiyo jioni niliyokuambia. Nilimwona kwa mgongo, anakula taratibu, na mimi moyoni nikamwita bahili. Hawa ndivyo walivyo, nikasema, hawajui mgeni. Nililala na njaa na chuki pamoja.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa na begi mkononi aliponisimamisha jikoni. Akaniuliza chakula chake kina nini. Nikasema hakina kitu. Akatazama chini, akasema, "Basi ni mimi."

Mwanangu, nilitamani sakafu ipasuke. Nikaweka begi chini nikamweleza yote, bibi yangu, starehe, nimeshiba, kushikwa mkono. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanijibu kwamba kwao mtu mzima akisema hapana, kumrudia ni kumdharau. Kumbe kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, na heshima hiyo ikatulaza sote wawili na huzuni. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau.

"Chumba sikipangishi kwa ajili ya kodi. Tangu mume wangu afariki, sijazoea kula peke yangu."

Akafungua kabati, akatoa sahani ya pili. Akanikaribisha. Na hapo, mwanangu, mazoea ni kitu kibaya, mdomo ulikwisha kufunguka kusema nimeshiba. Nikauma ulimi. Nikasema, "Nina njaa."

Tukala viporo vya samaki vilivyolala, baridi, kwa vidole, naye akiniiga na kucheka mafuta yanapomtiririka kiganjani. Nikamsimulia vigae na makaburi ya Tongoni haraka haraka, maana basi la kwenda uwanja wa ndege halingoji. Mlangoni alinishika mikono yote miwili. Sikuonana naye tena. Nilipata mlo mmoja pale ambapo ningepata milo ya jioni zote, na hilo linaniuma mpaka leo.

Darasani nilikuwa nikiwaandikia watoto ubaoni, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani mwenyeji anaponywa na zawadi za mgeni. Sikujua kuna mwenyeji anayeumwa upweke, na dawa yake ni wewe ukae tu kitini.

Nanyi mnaosafiri siku hizi na simu mkononi, mnaoweza kuuzunguka mji mzima bila kumuuliza mtu njia, sikilizeni. Sikwambii uyatupe malezi ya kwenu, mwacha mila ni mtumwa. Ila ukiwa ugenini, pokea karibu ya kwanza, huenda ndiyo pekee waliyo nayo. Na kabla hujamwita mtu bahili, jiulize wewe umemnyima nini.

Nenda, mwanangu. Mola akufikishe kwenye mlango ambao ndani yake kuna mtu anayekungoja, na akujaalie ulimi mwepesi wa kusema una njaa. Amin.