Shingo ya Mama Gizani

Mimi natengeneza sanamu za saruji. Uani kwangu Kihonda wamesimama simba wawili wa kuweka getini, twiga aliyekosa mnunuzi, na mama yangu.

Mama nilimtengeneza baada ya kumzika. Nondo, waya wa kuku, mchanga na saruji, basi. Nilimsimamisha na mkungu wa ndizi kichwani, kama alivyokuwa akiteremka mlimani kuja sokoni, na shingoni nikamwekea rovu lake, ule uvimbe mkubwa aliotembea nao tangu usichana. Ukubwa wake sikuhitaji kuupima. Nilipokuwa mdogo nilikuwa silali mpaka nimelishika. Wenzangu walinyonya vidole, mimi nilishika rovu la mama.

Dada yangu alipoiona ile sanamu, hakutia tena mguu uani kwangu. "Watu wa mjini walimcheka mpaka akafa," alisema, "na wewe umemsimamisha hapa mbele ya wanunuzi aendelee kuchekwa?" Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia mbele sokoni ili watu wasijue kuwa ameongozana na mama.

Halafu akaja kijana mmoja mpiga picha, mwenye adabu tele, shikamoo mama hapa, shikamoo mama pale. Kazi yake ni kupiga picha za sanamu usiku. Kamera anaisimamisha kwenye miguu mitatu, analiacha jicho la kamera wazi muda mrefu, kisha anazunguka gizani akiipaka sanamu mwanga wa tochi, taratibu, kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Palipopitiwa na tochi panatokea kwenye picha. Pasipopitiwa panabaki giza tupu.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikamtazama. Alimpaka mama paji la uso, akampaka mashavu, akapaka ndizi moja moja na mikunjo ya khanga. Akifika kidevuni anaondoa tochi, anairudisha kifuani. Akarudia vile vile mara kadhaa.

"Mwanangu, mbona shingoni hupiti?"

"Kivuli pale kinapendeza, mama. Usijali, utaipenda."

Nikamwachia, mjinga mimi! Nilidhani fundi anajua kazi yake.

Picha akaiweka mtandaoni, watu wakaishangilia. Haukupita muda, mwenye hoteli mmoja akaja mchana kweupe na gari lake, anataka kumnunua mama akamweke bustanini. Aliteremka anatabasamu. Akatazama sanamu, akatazama simu, akatazama tena sanamu, na tabasamu likaisha.

"Hii siyo niliyoiona."

"Ndiyo yenyewe."

"Na hilo la shingoni?"

"La kwake."

Akakohoa. Eti nichukue tindo nipunguze kidogo, nisiribe palainike, atamchukua leo leo. "Wageni wanakula pale, mama. Unanielewa." Nilimwelewa vizuri sana! Nikamwambia kama anatafuta shingo nyembamba akawatazame wanawake wa nyumbani kwake. Na wala sidanganyi, shida nilikuwa nazo, na tindo lilikuwa pale pale miguuni pangu. Lakini nimtie mama yangu tindo? Ng'o! Akaondoka zake, na yule kijana akamuuzia picha. Ikatundikwa mapokezi.

Hilo ningelimeza. Watu wa hoteli hawakumjua mama. Lililonikaba ni la dada.

Siku ya Idi nilikwenda kwake Mlali kumpa mkono. Nimeingia tu sebuleni, naiona picha ile ile ya mtandaoni ukutani, kubwa, kwenye fremu ya rangi ya dhahabu. Mama amening'inia pale anang'aa, kidevu kimeelea juu ya giza, shingo hana.

Wajukuu wa dada wakanizunguka. "Bibi, kumbe mama yenu alikuwa mzuri hivi!"

Nilimsubiri dada aseme neno. Akamimina chai. Watoto walipotoka kwenda kucheza, nikamwambia, "Dada, hana rovu."

"Najua hana," alisema, na macho yake yakajaa machozi, na yalikuwa ya furaha, jamani, niliyaona. "Hawa watoto hawajui habari hiyo, na usije ukawaambia. Maisha yangu yote nilikuwa nataka niwe na mama wa kuonyesha watu. Nimempata. Yule wa kwako sasa kamvunje."

Alisema polepole, kwa upole kabisa, huku akinisogezea sahani ya vitumbua. Alidhani tumepatana.

Nilitafuta viatu vyangu mlangoni nikatoka bila kuaga. Idi iliyofuata sikwenda.