Shikamoo za Mteremkoni

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikafurika Morogoro, zilikuja pia baiskeli za gia. Sisi walimu wa shule moja tukapandwa na wazimu: twende nazo Uluguru, tulale huko, turudi kesho yake. Hakuna aliyewahi kupanda mlima kwa baiskeli, na hilo ndilo lililotufurahisha zaidi.

Tulifunga sufuria na mikeka kwenye keria, tukaondoka tukipiga kengele kama watoto. Kupanda hatukupanda, tulisukuma. Kila mzee aliyeshuka na ndizi zake tulisimama kumwamkia: shikamoo, marahaba, habari za mjini, habari za nyumbani. Nilizishukuru adabu za Waluguru, maana bila hizo ningekata pumzi.

Kesho yake tukashuka. Breki zangu zilikuwa pambo tu. Sufuria zikigongana nyuma yangu, nilipita nyumba baada ya nyumba nikipaza sauti, "Shikamooo!" huku nikicheka hadi machozi, mpaka shamba la maharage likanipokea.

Bibi mwenye shamba alinikuta nimelala chali. Nikamwamkia palepale. Akaniinua, akanipangusa udongo.

"Mwanangu, salamu gani hiyo ya kurushwa kama jiwe? Nimekusikia tangu juu. Rudi ukawaamkie wazee."

Nikarudi nikisukuma, nikawaamkia wote, mlango kwa mlango. Kushuka, ningeweza kuikokota baiskeli. Lakini mteremko ule nani angeuacha? Maharage ya bibi yakanipokea tena.