Namba Moja Iliyoachwa Wazi

Mwalimu alikuwa jirani yetu mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alitoka bara, akafundisha shule za msingi za hapo miaka mingi na kuongoza kwaya, akastaafu, akazika mke, akabaki hapo hapo. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani kwetu. Mama alinituma kila alasiri nimpelekee chai, maana tangu masikio yaanze kumharibikia alikuwa hasikii hata birika likichemka.

Nilipoanza kumzoea, sikio la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto lilibaki na uhai kidogo. Ukitaka akusikie ulikaa upande huo ukasema polepole, karibu.

Kila ilipokaribia Krismasi alitoa redio yake ya sidi kabatini, akaifuta vumbi, akaiweka mezani na spika mbili. Sidi yenyewe ilikuwa moja. Aliinakili kwa kompyuta mwanawe wa kiume, aliyekwenda kusoma ng'ambo, nchi ya baridi, na kule akapenda bendi moja inayopiga nyimbo za Krismasi kwa magitaa ya umeme, fidla nyingi, kinanda na kwaya nzima. Kijana alikufa kule, ajali ya gari kwenye barabara yenye barafu. Mwili uliletwa ukazikwa kwao bara. Rafiki aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja alifunga vitu vyake kwenye sanduku akavituma. Ndani ya sanduku palikuwa na sidi hiyo, na barua ambayo kijana alikuwa hajaituma.

Mwalimu alinionyesha barua mwaka wa kwanza tu. Kijana alikuwa amemchagulia baba yake nyimbo saba bora za bendi ile, akazipanga kuanzia wa saba kupanda, kila moja na sababu yake. Wa saba aliuweka kwa ajili ya ngoma. Wa tano kwa sababu kengele zinaanza peke yake na magitaa yanaingia baadaye, moja baada ya jingine. Wa pili, aliandika, una mahali ambapo kila kitu kinanyamaza na fidla moja inabaki. Kisha akaandika namba moja, akaweka nukta, na mbele yake hakuna kitu. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kutosha.

"Alikuwa bado anafikiri," Mwalimu aliniambia. "Tangu utoto huyu haandiki jibu mpaka awe na hakika."

Basi ikawa hiyo ndiyo kazi yetu ya kila Desemba, kuutafuta wimbo wa kwanza. Sidi ilikuwa na nyimbo kumi na nne. Sita zilikwishapangwa, zikabaki nane za kushindania. Kwetu nilizoea kasida na maulidi. Magitaa yale mwanzoni yaliniumiza kichwa. Lakini mtu akisikiliza kitu siku nyingi na mwenye kukipenda, masikio hulainika. Nilishika upande wa wimbo mmoja mtulivu, mwanamke anaimba na kinanda tu, ngoma hazimo. Mwalimu alishika wa kumi na moja kwenye sidi, ule ambao kwaya na magitaa hupandishana mpaka ukadhani paa litainuka.

"Wako ni mzuri," alisema, "lakini mwanangu hakuwa mtu wa pole. Angechagua huu."

"Nawe Mwalimu ulikuwa mtu wa kwaya. Labda unajichagulia wewe."

Alicheka, na hakukataa.

Mwaka wa tatu sikio la kushoto nalo likazima. Nilikuta redio iko tayari mezani, naye ameketi mbele yake hajaiwasha. Kuanzia hapo tulizungumza kwa daftari. Mimi niliandika, yeye alijibu kwa sauti ambayo hakujua tena kuipima. Aliweka kiganja juu ya spika nami nikamwandikia kinachoendelea: sasa fidla, sasa ngoma zimeingia, sasa kimya. Alifuata kwa mkono, macho amefumba. Ngoma alizipata. Fidla aliniambia hazifiki mkononi.

Siku moja alipitiwa na usingizi kwenye kiti, wimbo wa mwisho ukiwa unakwisha. Siku zote yeye ndiye aliyezima, na alizima mara tu wa kumi na nne ulipomalizika. Mimi nilikuwa nashona kifungo cha shati lake, mikono imeshikika, nikaiacha sidi izunguke. Pakawa kimya, dakika mbili tatu. Kisha zikatoka kelele za watu, umati mkubwa ndani ya ukumbi, na kwa mbali bendi ikipiga wimbo wa kumi na moja. Ilikuwa imerekodiwa kwa simu, ilikwaruza. Halafu, karibu kabisa na kinasa sauti, mwanamume akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Baba, huu ndio namba moja."

Umati ukapiga makofi, sidi ikasimama.

Sindano ilikuwa imenichoma kidole na sikuhisi. Mzee alikuwa amelala mbele yangu, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja bado juu ya spika. Nilisoma dua niliyofundishwa kusoma mtu akiingiwa na hofu. Kisha nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena. Sauti ilikuwa ya kijana, nzito kiasi, yenye kusitasita kabla ya neno la mwisho.

Sikumwambia siku hiyo, wala ya pili. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote aliyokuwa bado anasikia, maneno yale yalikuwa humo humo, dakika tatu mbele ya kidole chake. Nilikuwa naisikia ile sauti nikikata kitambaa, nikipika, nikiwa katikati ya watu sokoni. Siku ya nne mama aliniuliza nina nini, nikamweleza.

"Sauti ya mwana ni haki ya mzazi," alisema. "Mpelekee."

Niliandika kwenye daftari, kila neno kama lilivyosemwa, nikamsogezea. Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena.

"Amesema Baba? Hakusema Mwalimu?"

Nikaandika: Baba.

"Hakuwahi kuniita Baba. Nilimfundisha tangu darasa la nne, akazoea Mwalimu, hata nyumbani." Akaligusa lile neno kwa kidole. "Huko ugenini alikua."

Akaniuliza alisema kwa furaha au kwa huzuni, haraka au polepole, mdomo ulikuwa karibu au mbali. Nilijibu yote. Akaweka viganja vyote viwili juu ya spika na kuniomba niinue kidole maneno yatakapofika. Niliinua. Akainamisha kichwa. Mpaka Krismasi ilipofika tulifanya vile kila alasiri, na kila nilipoinua kidole yeye alijibu kwa sauti yake kubwa isiyopimwa, "Nimesikia, mwanangu." Majirani walizoea. Mimi sikuzoea.

Binti yake alikuja kutoka bara baada ya mwaka mpya kumchukua, maana hakuweza tena kukaa peke yake. Alikuwa dada mkubwa wa yule kijana, mwanamke mpole wa maneno machache. Mzee alimwambia habari yote kabla hajavua viatu, akamketisha mbele ya redio. Mimi niliwasha. Nilimwangalia akisubiri ule ukimya upite, mikono mapajani. Sauti ikaja, ikapita.

Hakulia. Alinigeukia, akasema kwa utulivu, akijua baba yake hasikii, "Huyu si ndugu yangu."

Nilidhani sikumwelewa.

"Sauti ya ndugu yangu naijua. Alikuwa na kithembe. Huyu atakuwa yule rafiki yake wa Mombasa, aliyefunga sanduku. Ndugu yangu aliniambia waliwahi kwenda kwenye tamasha la hiyo bendi pamoja." Akatazama barua iliyokuwa mezani. "Aliona ile nafasi, akaona vibaya kuileta wazi, akatia sauti yake juu ya rekodi ya tamasha na kuiongeza mwisho wa sidi."

"Labda marehemu alikuwa amemwambia ni upi."

"Labda."

Mzee alikuwa anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, amejisogeza ukingoni mwa kiti. "Umemsikia?" aliuliza.

Binti alivuta daftari. Alishika kalamu muda mrefu kuliko neno alilokuwa nalo. Kisha akaandika, akamgeuzia: Nimemsikia.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kutueleza kwa nini wa kumi na moja ungeushinda mwingine wowote.

Waliondoka siku ya tatu. Kabla sidi haijafungwa nilikuwa nimeurekodi ule mwisho kwenye simu yangu, sijui kwa nini. Mwalimu alifariki kule bara kabla ya Desemba iliyofuata, na binti alinipigia kunipa habari. Aliniambia mpaka wiki ya mwisho baba yake aliomba redio iwashwe, na yeye ndiye aliyekuwa akiinua kidole.

Nimeolewa, nakaa Muyeye sasa. Nikiwa dukani mwezi wa Desemba, wakapiga moja ya nyimbo zile, huwa nasubiri mpaka uishe na ukimya upite, hata kama nimeshapewa vitu vyangu. Ninayemngoja, mwenye ile sauti, simjui, wala hajui kama nilimwinulia kidole kila siku mbele ya mzee wa watu.

Mwaka jana binti wa Mwalimu alinipigia tena. Ile sidi ilikuwa imekwaruzika, haisomi. Aliniuliza kama bado nina ule mwisho kwenye simu.

"Ninao," nikasema. "Lakini si ulisema siye?"

"Siye," alisema. "Nitumie tu."

Nilimtumia. Baadaye nilimuuliza kama amewahi kumtafuta yule rafiki wa Mombasa. Akasema anajua anakofanya kazi, na mara mbili amefika mpaka mlangoni, akarudi.