Ufunguo wa Chini ya Chungu

Mama Mapazia, fundi cherehani aliyerithi nyumba ya mama yake na kuipangisha kwa watu wa likizo, hakutaka ikae bure hata siku moja. Mgeni akitoka asubuhi, mchana mashuka yako kambani, jioni mwingine anaingia. Ufunguo ulikuwa uleule tangu enzi za marehemu, chini ya chungu cha maua barazani.

Mkwewe alimwambia, "Mama, badilisha kitasa. Hujui nani kachonga ufunguo wa kwake."

"Kitasa kizima nikibadilishe cha nini? Wewe na hofu zako mtanifilisi!"

Leo nyumba ilikuwa tupu. Wageni wa mwisho waliondoka jana. Aliingia na mashuka safi kwapani. Jikoni akashika birika alisogeze, akaurudisha mkono upesi. Lilikuwa la moto.

Mlango aliukuta umefungwa, na ufunguo huu hapa mkononi. Sura za wageni zikampitia kichwani: wapole, wacheshi, wale waliomwita mama. Hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kuushika ufunguo huu. Alitamani kukimbia, lakini aliogopa hata kuhema.

Chumbani, kitanda cha marehemu mama yake kikalia. Kisha sauti nzito ya mtu aliyekatizwa usingizi ikauliza, kwa hasira:

"Nani huyo anaingia bila kupiga hodi?"