Kikombe cha Pili cha Mzee Cornelius

Kahawa ya Mzee Cornelius ulikuwa unaisikia kabla hujainusa. Jogoo hajawika vizuri, tayari kinu kinalia nyuma ya nyumba, du, du, du, na nusu ya kijiji hapa Kakamega, upande wa Mukumu, inageuka kitandani ikisema, "Mzee ameamka." Buni zilikuwa zake mwenyewe, za mibuni michache aliyoipanda karibu na zizi. Alizikaanga kwenye karai mpaka zikawa nyeusi ti, akazitwanga, akazichemsha bila maziwa wala sukari. Ukiionja kahawa ile, unakunja uso mpaka masikio yanasogea. Yeye aliinywa kama maji.

Aliyeujua mlio wa kinu kile kuliko mtu yeyote ni Jepkosgei, mke wa mwanawe. Jepkosgei ni mtoto wa Kinandi, kutoka upande wa Kapsabet. Alikutana na Willis kule chuo cha ufundi cha Sigalagala, yeye akisomea ushonaji, Willis akisomea mabomba ya maji. Wakapendana, wakaoana, na wale waliosema msichana wa Kinandi hatamaliza mwaka hapa wakafunga midomo yao. Willis akapata kazi Lugari, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka jana mama mkwe, Selpher, akafariki. Boma likabaki na watu wawili: Mzee kwenye nyumba kubwa, Jepkosgei kwenye nyumba yake ndogo karibu na lango.

Sasa hapo ndipo kazi ilipo. Huku kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana mpaka heshima yenyewe inachoka. Hawapeani mkono. Hawaketi pamoja. Kutazamana usoni ndiyo usiseme. Selpher alipokuwa hai, kila neno lilipitia kwake, liende au lirudi. Alipoondoka, maneno yakakosa njia. Mzee akakaa nayo siku kadhaa, kisha akaona haiwezekani, akaanza kuyapitisha kwa ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alikula sana na kutoa kidogo. Kila asubuhi Jepkosgei alichuchumaa upande huu akikamua, Mzee akasimama upande ule nje ya zizi, akaongea na paji la uso la ng'ombe.

"Mheshimiwa, mwambie anayekukamua unga umeisha."

"Mheshimiwa," Jepkosgei anajibu huku akitazama ndoo, "mwambie Baba mahindi nitayapeleka kusagwa leo."

Mheshimiwa anacheua tu. Hakuwahi kufikisha ujumbe hata mmoja, lakini mambo ya boma yalienda.

Mwanzoni Jepkosgei alikuwa akirudi nyumbani kwake na kucheka peke yake, amejifunika mdomo kwa leso. Baadaye kicheko kikamwishia. Kwao Kapsabet, marehemu baba yake alikuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi walikamua pamoja, na baba yule aliongea tangu ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho: habari za mvua, habari za majirani, ndoto aliyoota, uongo mtupu mwingine. Jepkosgei alikuwa na upweke wa asubuhi, na upweke wa asubuhi ni mbaya, kwa sababu siku nzima bado iko mbele yako.

Basi siku moja Mzee alisimama kwenye zizi kama kawaida, akasema, "Mheshimiwa, mwambie..." halafu kimya. Jepkosgei akangoja. Alipoinua macho, heshima ikamtoka: Mzee alikuwa ameshika mti wa uzio kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine, jasho likimtiririka. Jepkosgei akapiga mayowe, majirani wakaja, wakamkimbiza Mzee zahanati kwa pikipiki.

Muuguzi alimpima, akampima tena. Presha iko juu, moyo unakimbia. "Mzee, unakunywa nini asubuhi?" Alipoambiwa, alitikisa kichwa. Kahawa ile iachwe. Anywe maji akiamka, anywe uji, atembee kidogo kabla jua halijawa kali, na arudi kupimwa. Ilibidi Jepkosgei asikilize kutoka mlangoni, maana kuingia alikokuwa amelala baba mkwe hakungefaa.

Jioni Willis akapiga simu kutoka Lugari. "Jepkosgei, mimi niko mbali. Baba nakuachia wewe." Maneno machache tu, lakini yalimkalia kifuani. Je, mzee wa watu akimfia mikononi? Watasema nini, hawa waliokuwa wanangoja ashindwe? Na hata wasiposema kitu, yeye mwenyewe hakutaka kuzika baba wa pili. Alimpenda mzee yule. Alimpenda kwa mbali hivyo hivyo, kupitia kwa ng'ombe.

Mzee akaacha kahawa, naam. Lakini alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Kichwa kilimuuma, macho hayakufunguka, jua lilimkuta bado amekaa kwenye kigoda akitazama miguu yake. Haukupita muda Jepkosgei akasikia kinu tena. Safari hii kilikuwa kinalia kwa chini, dup, dup. Mzee alikuwa amekitandikia gunia.

Hapo Jepkosgei akaingia vitani. Asubuhi ya kwanza alimwekea kwenye kigoda kikombe cha maji moto yenye ndimu na tangawizi. Jibu likaja zizini: "Mheshimiwa, mwambie mimi sina mafua." Kesho yake akachemsha mchaichai uliokuwa unanukia mpaka barabarani. "Mheshimiwa, nyasi ni chakula chako. Mwambie asikunyang'anye." Mtu ana moyo mgonjwa na bado ana kejeli!

Ila kuna jambo Jepkosgei alikuwa ameliona kutoka mlango wa jikoni, na hakumwambia mtu, hata Willis. Mzee alipochemsha kahawa yake alimimina vikombe viwili. Kimoja cha bati, chake. Kingine cha udongo chenye maua mekundu, cha Selpher. Alikunywa chake, akakaa kidogo, kisha akanywa na kile kingine, maana kahawa haimwagwi. Kwa hiyo tangu mazishi Mzee alikuwa anakunywa ya watu wawili. Moyo gani usingekimbia?

Siku ya soko Jepkosgei akaenda kutafuta kitu cha kumwamsha Mzee badala ya kahawa. Akawakuta vijana wa bodaboda wamemzunguka Jescah, mama muuza mizizi, wakinunua mukombero. Kila mmoja anatafuna kamzizi kake kama mswaki na kusifu: unaamsha, unachangamsha, mtu hasinzii hata kidogo. Jepkosgei akafurahi sana. Mzizi wa msituni hapo hapo Kakamega, hauchemshwi, hautwangwi, unatafunwa tu! Akanunua fungu zuri, hakuuliza swali hata moja, akaenda zake.

Lo! Angeuliza. Mtoto yeyote wa Kakamega angemwambia kwamba mukombero huchangamsha kweli, lakini mwanamke akimpelekea mwanaume, watu hawafikirii usingizi wa asubuhi. Ni mzizi wa nguvu za kiume. Ni mzizi wa utani wa harusini na kwenye vilabu. Mke humnunulia mumewe na bado huuficha chini ya sukuma wiki.

Jepkosgei aliuosha vizuri, akaufunga kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, akauweka juu ya kigoda cha Mzee. Na kwa bahati yake, asubuhi hiyo ndiyo wazee wa kanisa walikuja kumwona mgonjwa, pamoja na Awinja, dada yake Mzee, mwenye kicheko kinachosikika hadi ng'ambo ya mto. Mzee akakifungua kitambaa mbele yao wote. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutazama dari. "Nani ameleta?" Awinja akauliza, na Jepkosgei, aliyekuwa amesimama nje na chai ya wageni, akajibu kwa fahari, "Ni mimi, Shangazi. Ni ya kumpa Baba nguvu za asubuhi."

Awinja alimvuta hadi jikoni kabla hajavunja mbavu. Alicheka mpaka akashika mafiga. Kisha akamweleza, wazi wazi, kwa Kiswahili kisicho na pazia.

Jepkosgei alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shangazi, wallahi sikujua. Kwetu sisi..."

"Najua hukujua, mama." Awinja akajifuta machozi, sasa hacheki. "Lakini ndugu yangu ni mtu wa heshima zake. Akikasirika, itabidi urudi kwenu kwanza mpaka wazee waongee."

Asubuhi iliyofuata Mzee alikuja zizini, akasimama, hakusema kitu. Hata kwa ng'ombe. Ya pili vilevile. Jepkosgei alikamua huku machozi yakidondokea karibu na ndoo. Na kilichomuuma zaidi si aibu. Ni kinu. Kilikuwa kinalia tena kwa nguvu zote, bila gunia, du, du, du. Aliona amempoteza: hana tena njia ya kumfikia, na Mzee atajinywea kahawa yake mpaka moyo usimame.

Kwa kukumbuka kwao, alishusha kibuyu alichotoka nacho Kapsabet siku ya harusi. Kilikuwa kimening'inia ukutani muda wote huo, kwa sababu aliogopa watu wa hapa watacheka maziwa ya mkaa. Akakisugua ndani kwa kijinga cha moto kama alivyofundishwa, akatia maziwa, akayaacha yalale. Mursik, maziwa hayo ya mgando, ilipokuwa tayari, alikuwa pia amefunga nguo zake ndani ya mkoba. Ataenda mwenyewe kabla hajafukuzwa. Lakini hataondoka bila kumwekea mzee yule kitu tumboni.

Alikoroga uji wa wimbi, mzito, akauacha upoe, akauchanganya na mursik kama alivyopenda baba yake. Alipeleka Mheshimiwa malishoni mapema, akarudi. Mzee alikuwa amekaa barazani, kahawa bado haijachemka. Jepkosgei akaweka uji kwenye kigoda, akarudi nyuma hatua kadhaa, macho chini.

Alikuwa ameweka vikombe viwili. Cha bati, na kile cha maua mekundu alichokitoa kwenye kabati la vyombo jikoni.

Mzee alivitazama vikombe vile muda mrefu. Akachukua cha bati. Akanywa. Akatulia. Akanywa tena mpaka akakikung'uta kikombe, masharubu yote meupe.

"Kumbe uliviona," akasema.

Jepkosgei aligeuka kutafuta ng'ombe. Ng'ombe hakuwepo, alikuwa kule chini mtoni, kamba shingoni, anakula nyasi zake. Alipoinua macho, Mzee alikuwa anamtazama yeye, uso kwa uso.

"Unafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu nikifungua mdomo nitacheka, na baba mkwe hachekinga ovyo mbele ya bibi ya mtoto wake. Sijacheka tangu Selpher aende. Ule mzizi wako..." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Nimeutafuna wote. Ni mtamu sana. Usiwaambie wazee wa kanisa."

Jepkosgei akacheka na kulia kwa pamoja, hakujua kipi kinatangulia.

Mzee aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Kahawa si utamu. Ni kwamba asubuhi nikiamka sina wa kuongea naye. Angalau kahawa ilikuwa inapiga kelele kwenye kinu." Akaangalia ule mkoba uliokuwa unaonekana mlangoni kwa Jepkosgei, halafu akakigusa kikombe cha maua kwa kidole, akakisukuma taratibu mpaka ukingo wa kigoda, upande wake.

"Hiki cha pili siwezi kukinywa. Kunywa vya watu wawili ndiko kulikonipeleka kwa muuguzi. Keti hapo kwenye ngazi, si mbali si karibu, heshima itabaki. Unywe, kisha uniambie baba yako alikuwa anaongeanga nini akikamua."

Jepkosgei akaketi kwenye ngazi. Akakishika kikombe cha Selpher kwa mikono yote miwili, akameza funda moja.

"Alikuwa mwongo sana, Baba," akasema.

"Vizuri," Mzee akajibu, akijisogeza kwenye kiti chake. "Anza na uongo wake wa kwanza, mwanangu. Siendi mahali."