Sherifu Aliyebakishiwa Nguo

Swali lilitoka Uingereza kwa posta, likachukua wiki tano kufika Maskati, likanikuta nimekaa sakafuni na miguu ndani ya beseni la maji kwa sababu ya joto. Lilitaka nieleze, kwa kurasa sita, historia ya sherifu wa wilaya katika Uingereza ya zama za kati. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na sikujua sherifu ni mdudu gani.

Nilikuwa nimebakisha muhula mmoja tu kumaliza skuli Unguja yalipotokea yale yaliyotokea mwaka wa sitini na nne. Tukaja Maskati, nchi ya babu zetu, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameitia machoni. Ilikuwa Maskati ya kabla ya mwaka sabini, na skuli ya wasichana haikuwepo. Mjomba wangu aliyekuwa Kuweiti akaniandikisha masomo ya posta, mtihani nikaufanyie huko kwake mwezi wa Disemba. Kutoka nchini kulihitaji kibali, na kibali kiliombwa na mzee wa nyumba mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye barza ya liwali. Baba akasema ataomba. Alisema hivyo Mei, akasema hivyo Juni, na kila aliposema alikuwa amekaa palepale.

Inafaa nimweleze baba. Unguja alikuwa mudiri, mkubwa wa wilaya ya shamba, kwa miaka kumi na minane. Alikuwa na joho jeusi lenye uzi wa dhahabu, jambia la fedha, na kalamu ya wino wa buluu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mama, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu mwenye kalamu, alikuwa akisema kazi ya mudiri ni kuvaa joho, kumpokea Mzungu akija, na kutia saini mambo ambayo Mzungu ameshayakata. Baba alisema mama haelewi utawala. Maskati hapakuwa na wilaya ya kumpa, lakini joho alikuja nalo. Kila asubuhi alilivaa, akakaa nje kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya kupanga, akangoja kuitwa serikalini. Majirani wakipita walimwamkia vizuri sana, kisha wakaenda zao sokoni.

Kiingereza cha baba kilikuwa kizuri kuliko changu, kwa hiyo kila jioni nilimsomea sura moja ya kitabu kilichokuja pamoja na swali. Kumbe sherifu, ambaye msomaji asimchanganye na masharifu wetu maana huyu hana nasaba yoyote, alikuwa mtu wa mfalme katika wilaya. Zamani sana, kabla na baada ya Wanormani kuivamia nchi, alikuwa ndiye yeye: anakusanya kodi ya mfalme, anashika ngome, anaendesha baraza la wilaya, na mwizi akitokea anawapigia watu ukelele, kila mwanamume atoke mbio amfukuze, asiyetoka anatozwa faini.

Baba alifurahi mno. Alimwita mama kutoka jikoni aje asikie. Alisema huyo sherifu ni mudiri kabisa, ila mudiri hana ngome. Nilipofika mahali ambapo masherifu wanalaumiwa kwa kula rushwa na kuchukua farasi wa watu bila ruhusa, baba alisema hayo ni maneno ya wakulima.

Balaa lilianza sura ya tatu. Mfalme mmoja alituma watu wawachunguze masherifu, akawafukuza karibu wote kwa mkupuo. Wakapunguzwa. Kesi kubwa wakanyang'anywa, vifo vya ghafla vikapewa mtu mwingine avichunguze, kisha wakaja mahakimu wa mitaa wakachukua karibu yote yaliyobaki. Cheo kikawa cha mwaka mmoja tu, na kwa mwaka huo sherifu alitakiwa akae wilayani mwake asibanduke. Matajiri wakawa wanakikimbia. Kitabu kilimalizia kwa kuruka mbele karne kadhaa, kikasema sherifu yupo hadi leo: huchaguliwa kwa mfalme au malkia kutoboa jina lake kwa sindano kwenye orodha, kisha anavaa mahameli, anafunga upanga, anawapokea majaji wakija mjini.

Nilipofunga kitabu baba alikuwa amenuna. Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea, "Kwa hivyo huyu bwana alibakishiwa nguo?"

Baba aliichukua insha yangu, akaisoma yote, na mwishoni akaongeza kwa wino wake wa buluu kwamba si kweli kuwa cheo cha sherifu kilipungua, bali kilitulia, na kwamba mtu mkubwa hahitaji kufanya kazi ili awe mkubwa. Nilijua ni upuuzi. Lakini nilikuwa nataka kibali, nikainakili sentensi ile kama alivyoiandika, nikaipeleka posta. Insha ilirudi mwisho wa Agosti. Mwalimu wangu, ambaye sikupata kumwona hata kwa picha, alikuwa ameizungushia wino mwekundu sentensi ya baba na kuandika pembeni: nani amekwambia hivi? Niliificha chini ya godoro.

Pamoja na insha ilikuja barua ya mjomba. Aliandika kwamba kama kibali hakijatoka hadi mwisho wa Septemba, jina langu litafutwa, na mwakani yeye anahamia Kairo, kwa hiyo nafasi nyingine nisiitarajie. Nilimpa baba barua mkononi. Aliisoma mara mbili, akasema kesho.

Na kweli kesho yake alikwenda, na mimi nyuma yake ndani ya buibui. Alivaa joho, akafunga jambia, akajifukiza udi kiasi kwamba njia nzima nilitembea ndani ya harufu yake. Nilisimama ukumbini, mlangoni mwa barza, pamoja na wanawake wawili waliokuwa na ugomvi wa mtende. Kutoka pale niliona kila kitu, na laiti nisingeona.

Baba alipoingia, watu wote walisimama. Sasa, Oman mtu akiingia barzani husimamiwa, awe awaye. Hata aliyekuja kumshtaki mbuzi wa jirani husimamiwa. Lakini sisi tulikuwa hatujui, maana katika miaka miwili baba hakuwa amekanyaga barza yoyote. Alikuwa akingoja kuitwa. Kwa hiyo alipoona mistari miwili ya wanaume inainuka kwa ajili yake, nilimwona mgongo ukinyooka. Aliamini kwamba hatimaye wamemjua. Akapeana mikono na mmoja mmoja, akapita pale wanapokaa wenye haja, akaenda hadi mbele, akakaa kwenye mto uliokuwa mtupu kuumeni kwa liwali. Ulikuwa mto wa kadhi, ambaye siku ile alikuwa mgonjwa.

Liwali alikuwa mtu muungwana. Mgeni akishakaa hainuliwi, na mgeni haulizwi amefuata nini. Mwenye haja, aliyekaa kule chini, ndiye anayeulizwa. Baba akaletewa kahawa na tende, akaulizwa habari za safari kama aulizwavyo kila mgeni, na safari yake ilikuwa ya miaka miwili iliyopita, akajibu habari ni njema. Basi akawa mgeni, na ombi langu likafa palepale baina ya kikombe cha kwanza na cha pili.

Kisha akaingia bedui mmoja kutoka bara na karatasi yake. Alitazama mbele, akamwona mwenye joho zuri kuliko yote, akampa yeye. Na baba akaipokea. Akaisoma kwa utulivu, akatoa kalamu, na juu yake akaandika jambo alilokuwa akiliandika kwa miaka kumi na minane: ipelekwe kwa mhusika. Akatia saini. Liwali aliichukua ile karatasi, akaitazama saini ya mtu asiyemjua, akaipeleka kwa mhusika. Mwanamke mmoja wa mtende akaniuliza yule ni nani. Nikasema simjui.

Baba alikaa pale hadi adhana ya adhuhuri. Alitoka anameremeta.

"Umewaona walivyosimama?" akaniambia.

Nikamuuliza kuhusu kibali. Akasema mtu hakai mahali kama pale halafu akaanza kuomba, nitaelewa nikikua. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena, na nimeolewa mara mbili. Nikamwambia palepale njiani kwamba wanamsimamia kila mtu, kwamba ule mto ni wa kadhi, na kwamba yeye ndiye sherifu wa sura ya mwisho.

Hakunipiga. Alitembea mbele hadi nyumbani, akaingia chumbani, na chakula cha mchana hakukigusa. Mama alinitazama, kisha akakifunika kile chakula. Niliona haya, lakini sikujuta, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Asubuhi yake baba alitoka mapema, ana kanzu nyeupe na kofia tu. Hakuniambia nimfuate wala nisimfuate. Nilimfuata. Alipoingia barzani watu walisimama vilevile, na safari hii aliinamisha kichwa. Alikaa mwisho kabisa wa mstari, karibu na mlango, karibu na mimi, nikawa nakisikia hata kikohozi chake. Kadhi alikuwa bado mgonjwa. Liwali alimwona, akamwonyesha ule mto kwa mkono. Baba akatikisa kichwa.

Alingoja watu tisa. Zamu yake ilipofika liwali akamuuliza, jana ulikaa hapa kwangu, leo kuna nini?

"Jana nilikosea mahali pa kukaa," baba akasema, kwa Kiarabu chake cha Unguja ambacho kilifanya watu wainue nyuso. "Leo nimekuja na haja."

Akaieleza. Binti yake anataka kwenda Kuweiti kwa mjomba wake kufanya mtihani. Mtihani wa nini? Wa historia ya Waingereza. Barza nzima ikacheka, na mzee mmoja akataka kujua Waingereza wamefanya nini kinachohitaji kusomewa. Baba aliwaacha wacheke hadi wakamaliza. Karani akaanza kuandika. Jina la binti. Jina la baba. Kabila. Kisha akauliza kazi ya baba.

Nilijua atasema mudiri mstaafu. Nilikuwa tayari nimeshamsamehe kwa kulisema. Karani akainua kalamu, na baba akasema, "Sina."

Karani aliandika hivyo. Liwali akapiga mhuri.

Alipotoka, makubadhi yake hayakuwepo mlangoni. Waliokaa mwisho viatu vyao huchanganyika, na mtu alikuwa ameondoka na yake kwa kukosea, ameacha jozi ndogo iliyokatika ukanda. Ilikuwa karibu na adhuhuri, na Septemba ya Maskati mawe huwa ya moto hata kivulini. Baba hakuuliza wala hakungoja. Alishika kile kibali kwa mikono miwili, akaanza kutembea pekupeku katikati ya soko, akikanyaga haraka haraka, na watu aliokuwa akingoja wamwamkie hakuwatazama. Nilimkimbilia, nikavua makubadhi yangu, nikamwambia ayavae hata kisigino kikiwa nje.

"Vaa viatu vyako, mwanangu," akasema. "Weye ndo msafiri."